Kompyuta ya marehemu baba: zilipendwa au kuukuu tu?

*"Assalaam alaykum mwalimu. Twasafisha nyumba ya marehemu baba hapa Kibokoni, na darini tumekuta kompyuta mbili. Moja ni kama kibodi nene tu, haina skrini, imeandikwa Sakhr, na herufi zake ni za Kiarabu na za Kizungu. Baba alikuja nayo aliporudi kutoka Kuwait mwaka 1990. Pamoja nayo pana katriji tatu na kaseti kadhaa, moja ina mwandiko wake: 'Hisabu za duka 2'. Ya pili ni ile ya kusimama, Pentium III, aliyokuwa nayo kwenye saiba yake mwaka 2001. Mpwa wangu asema kompyuta za zamani zauzwa mamilioni mnadani. Mtu wa vyuma chakavu atoa shilingi 600 kwa zote mbili. Ndugu yangu ataka kuichomeka ile ya Kuwait aone kama yawaka. Je, ipi kati ya hizi ni klasiki, na nani huamua? Tuuze, tuweke au tutupe?"*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu mzee. Nianze na la haraka kabla ya lenye raha: mwambie nduguyo auweke chini huo waya. Kompyuta iliyolala darini miaka zaidi ya thelathini haichomekwi ukutani kwa hamu ya kuona taa. Sababu nitaieleza huko mbele. Na mtu wa vyuma chakavu mwambie apite wiki nyingine.

Nikilisoma swali lako polepole naona ni mawili yaliyovaa kanzu moja. Wauliza ipi ni klasiki, lakini linalokukosesha usingizi ni hofu ya kutupa kitu ambacho kesho utaambiwa kilikuwa cha thamani, au kinyume chake, kujaza nyumba takataka kwa kuwa tu zilikuwa za baba. Hofu zote mbili ni za haki, nami nitakwenda nazo pamoja.

Hilo neno klasiki, mimi hupenda kusema zilipendwa. Fikiria nyimbo. Mwaka wowote wa zamani utakaoutaja zilirekodiwa nyimbo chungu nzima, na nyingi zimesahauliwa hata na walioziimba. Chache ndizo ambazo mpaka leo harusini mtu humwendea mpigaji akamnong'oneza aipige. Hizo nyingine zina umri uleule, ila hazina wa kuziomba. Ni kuukuu. Basi na kompyuta ni hivyohivyo: wanaosema "ya kale dhahabu" wamesahau kwamba ya kale pia ni kutu. Umri hukifikisha kitu mlangoni tu.

Mpwa wako hakudanganya, amesikia nusu. Mwaka 2014 huko New York, mnada wa Bonhams uliuza kompyuta kwa dola 905,000, na mnunuzi alikuwa jumba la makumbusho la Henry Ford. Lakini hiyo ilikuwa Apple-1 ya mwaka 1976, aliyoibuni Steve Wozniak. Zilitengenezwa kama 200 hivi tu, nazo ndizo zilizoianzisha kampuni ambayo leo dunia nzima yaijua. Kuipima kompyuta ya darini kwako kwa bei hiyo ni kama kukipima kiwanja cha Mtwapa kwa bei ya Manhattan kwa kuwa vyote ni ardhi.

Wala uadimu peke yake hautoshi. Mfano niupendao ni wa ndugu wawili wa nyumba moja. Commodore 64 ilitoka 1982 na iliuzwa kwa mamilioni, hakuna kompyuta ya aina moja iliyouzwa kuishinda. Miaka miwili baadaye kampuni ileile ikatoa Plus/4, iliyokuja na programu za ofisi ndani yake. Leo ukitafuta, Plus/4 ndiyo adimu. Lakini zilipendwa ni ile ya mamilioni. Kisa ni chipu moja ya sauti iitwayo SID, kazi ya Bob Yannes, yenye sauti tatu ambazo mtunzi aliweza kuzikunja na kuzinyoosha kama fundi wa taarab na kinanda chake. Mpaka leo wapo wanamuziki wanaoitafuta chipu hiyo kwa ajili ya mlio wake tu. Plus/4 iliondolewa chipu hiyo, na programu za ndugu yake haikuweza kuziendesha. Watu wakaipita.

Kwa hiyo mimi huuliza hivi: je, mashine hii ilifanya jambo ambalo nyingine haikulifanya, na je, wapo watu ambao bado wanalitaka jambo hilo lifanywe na mashine hii hii? Nikilazimishwa nitaongeza: je, imezaa? BBC Micro ya kampuni ya Acorn, iliyotoka Desemba 1981 kwa mpango wa shirika la utangazaji la Uingereza wa kuwafundisha watu kompyuta, ina kitukuu mkononi mwako. Waliokuwa nyuma yake, Sophie Wilson na Steve Furber, ndio waliobuni prosesa ya kwanza ya ARM mwaka 1985, na simu uliyoniandikia karibu hakika inakwenda kwa ukoo huo. Hata kama BBC Micro ingekuwa mbaya wa sura, hapo tu ingeingia.

Nani huamua? Hakuna kamati. Huamua wale wanaoendelea kuzitengeneza, kuziandikia programu na kugombania vipuri vyake. Wakichoka wao, na bei huanguka.

Sasa tuje kwa hiyo ya Kuwait. Kwa maelezo yako, karibu hakika ni ya ukoo wa MSX. Mwaka 1983 Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII ya Japani, pamoja na Microsoft, walitangaza kanuni moja ya kutengenezea kompyuta za nyumbani, iitwayo MSX, ambayo makampuni mengi yaliifuata: Sony, Yamaha, Sanyo, Philips na wengineo. Katriji, vile visanduku vya programu vya kuchomeka, ya mmoja iliingia kwa mwingine. Sakhr, ya Mohammed Al-Sharekh wa Kuwait, ilichukua kanuni hiyo ikaifanya iseme Kiarabu.

Usilipite hilo haraka. Herufi ya Kizungu ina umbo lake na haina wasiwasi: A ni A popote iendapo. Herufi ya Kiarabu hubadilika. Ain iliyo mwanzo wa neno si ain ya katikati, na ya mwisho ni nyingine, na iliyosimama peke yake nyingine tena. Kisha maandishi yaenda kutoka kulia, huku nambari zilizo ndani yake zikienda kutoka kushoto. Mashine ikingoja ubonyeze herufi inayofuata ndipo ijue ile ya nyuma ivae umbo gani. Yote hayo yafanywe na prosesa ya Z80 yenye mapigo milioni 3.58 kwa sekunde, kwenye runinga ya sebuleni, herufi nzima ikichorwa ndani ya vijisanduku vichache vya nukta. Wengi walioandika historia ya kompyuta za nyumbani hutaja London na California wakanyamaza. Mimi nasema hii ya baba yako yastahili kukaa meza moja nazo.

Na kwetu Mombasa ina utamu wa ziada. Mshairi wetu Muyaka bin Haji hakuandikwa kwa herufi za Kizungu. Mababu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakiifanya ba moja ibebe b, na p, na hata mb, msomaji ajue mwenyewe kwa mkondo wa maneno. Kibodi hiyo ya darini yaweza kuandika barua ya namna hiyo. Kama mzee aliwahi kujaribu, mimi sijui, lakini angekuwa mtu wa Kibokoni asiye na udadisi kama hakujaribu.

Kuna sababu nyingine ya kompyuta hizi kupendwa, na hii ni ya ufundi. Ukiwasha MSX, hakuna kusubiri. Ndani ya sekunde chache iko kwenye BASIC, lugha ya kuandikia programu, yakungoja uiamuru. Yangu mimi, ya kawaida, hukuarifu kwamba zimebaki nafasi za kumbukumbu, yaani baiti, 28,815. Z80 yaweza kuona nafasi 65,536 kwa jumla. Nusu nzima, 32,768, imeshikwa na BASIC yenyewe iliyochongwa ndani ya chipu. Katika nusu iliyobaki, mashine hujiwekea 3,953 kwa shughuli zake za nyumbani, wewe wapewa kilichosalia. Picha moja ya simu ya megabaiti tatu yahitaji nafasi hiyo zaidi ya mara mia. Lakini hizo 28,815 ulizijua zote. Mashine ya jirani ilikuwa sawa na yako kwa kila kitu kinachohusu programu, na haikubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo watu walipata muda wa kuijua kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yao gizani. Ujuzi huo ndio uliozaa mapenzi.

Ile Pentium III ni habari nyingine. Mashine ya kusimama ya saiba ni sanduku la vipuri: ubao wa kampuni hii, kadi ya kampuni ile, kikiharibika kimoja watia kingine, na kesho yake si mashine ileile. Zilikuwa nyingi mno, zote zafanana, na karibu kila ilichofanya, kompyuta mpya yakifanya vizuri zaidi. Kwa macho ya wakusanyaji, hiyo ni kuukuu. Ila mlango mmoja nauacha wazi: fungua ubavu utazame kadi zilizochomekwa. Ukiona jina 3dfx au Voodoo, usiiuze kwa kilo. Kadi hizo za michoro zilianza 1996, kampuni ikafa mapema miaka ya 2000 ilipoingia, na watu wazitafuta hadi sasa. Kwa saiba sitarajii, lakini kutazama hakugharimu kitu. Ukiwa hapo ndani utaona pia vijipipa vidogo vilivyosimama kwenye ubao. Vikiwa vimevimba utosini au vimetoa uchafu wa kahawia, ni ugonjwa uliozipata bodi nyingi za miaka ile, na matengenezo hayalipi.

Nakiri nina udhaifu kidogo na mashine za saiba. Kabla nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, hazijafika ufuoni kwetu mwaka 2009, sanduku kama hilo, likipiga kelele zake kwenye laini ya simu, ndilo lililompa kijana wa Mji wa Kale barua pepe yake ya kwanza. Huenda miaka thelathini ijayo wakaja kuzitafuta. Lakini kuweka kila kitu kwa huenda ndiko kulikoijaza dari yenu.

Lolote mtakaloamua, diski kuu itoeni kwanza. Pana picha humo, pana hesabu, pengine na barua za watu waliokuja kuandika kwa mzee. Mafundi wengi wa kompyuta wana kifaa cha kuziunganisha diski hizo za zamani na USB. Nakilini mnachotaka, kisha sanduku liende zake.

Neno moja juu ya vyuma chakavu. Wakikwambia ndani pana dhahabu, ni kweli, ila ni utando mwembamba kwenye meno ya katriji na soketi, haufiki bei ya samaki wa siku moja. Na akitokea mtu wa kunong'ona habari za zebaki nyekundu, ile dawa ya uzushi idaiwayo kufichwa ndani ya vyombo vya kale, mfungulie mlango atoke. Uongo huo ulizipandisha bei cherehani za Singer kule Saudia mwaka 2009, watu wakaibiana na kudanganyana kwa kitu kisichokuwako.

Haya, waya wa nduguyo. Kuwait hutumia volti 240 na hezi 50 kama sisi, na plagi ni ya miguu mitatu ya bapa kama yetu, kwa hiyo itaingia ukutani bila ubishi. Hapo ndipo hatari ilipo. Ingetoka Jeddah ya miaka ile ningekuwa na wasiwasi wa volti, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa na 127. Hii yako wasiwasi wake ni umri. Ndani ya sehemu ya umeme kuna kapasita: karatasi mbili za alumini zimeviringishwa, katikati pana karatasi iliyolowa maji ya dawa. Juu ya alumini kuna utando mwembamba unaozuia umeme usipite. Kapasita ikikaa miaka bila umeme, utando huo huchakaa, na dawa hukauka au hutoroka. Ukiichomeka ghafla, umeme wapita usipotakiwa, kapasita yachemka, na ikipasuka huweza kuondoka na chipu ambazo hazitengenezwi tena.

Nasema kwa niliyoyaona. Kijana bado, nililetewa kompyuta ya Kiingereza ya mteja, nikaichomeka ili nimwonyeshe kwamba mimi fundi. Iliwaka vizuri kabisa. Nikaanza kumtolea hotuba. Dakika kama kumi hivi, mlio kama wa fataki, kisha moshi mweupe wenye harufu ya samaki aliyeungua, ukaenea karakana nzima. Mteja hakusema kitu, alitazama tu moshi ukipanda. Tangu siku ile sichomeki kabla sijafungua.

Kwa kazi hii hutaki kijana wa simu pale barabarani, hata akiwa hodari. Tafuta fundi wa redio na kaseti, mwenye mvi, ajuaye kulehemu na mwenye mita mezani. Ukimkosa, nenda Tudor, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, uwaulize watu wa umeme, huenda wakakuelekeza. Mwambie apime sehemu ya umeme ikiwa peke yake kabla ya kuiunganisha na ubao. Akitoa msasa kusafisha meno ya katriji, mzuie: msasa huondoa ule utando wa dhahabu, na hewa ya bahari ya Kibokoni itamaliza kilichobaki. Pamba na spiriti vyatosha. Rangi ya plastiki iliyogeuka kama chai ya maziwa isiwatie haraka, wala msiipake dawa za nywele mlizoona kwenye video, haizuii mashine kufanya kazi. Na kwa runinga, kuzimwa kwa mitambo ya analogi mwaka 2015 hakuihusu. Kompyuta yatoa mawimbi yake yenyewe kwa waya, na runinga yoyote yenye tundu la njano huenda ikaipokea. Kama mnayo Great Wall ya kichogo, ni bora zaidi, ila kifuniko cha nyuma asikifungue mtu asiyejua. Bomba lake hushika maelfu ya volti hata likiwa limezimwa.

Nimeiacha kaseti mwisho makusudi.

Sakhr nyingine ulimwenguni zipo. Katriji zake zipo, na nyingi zimeshanakiliwa na wapenzi wake. "Hisabu za duka 2" ipo moja. Na hiyo 2 yaniambia kwamba ilikuwepo ya kwanza, ikamshinda au ikamchosha, akaandika upya. Kama kuna kitu katika hilo sanduku ambacho hakina bei na hakina wa pili, ni hicho.

Ndani ya utepe, programu imehifadhiwa kama sauti: moja ya toni ni ya hezi 1,200, nyingine ya 2,400, zikibadilishana upesi sana hadi sikio lasikia mkwaruzo tu. Programu iliyojaza nafasi yote ingechukua zaidi ya dakika nne za mkwaruzo huo. Kwa hiyo kuiokoa hakuhitaji Sakhr iwe hai. Yahitaji tepurekoda nzuri na kompyuta ya kurekodi.

Kwanza itazame kaseti kwenye mwanga, dirishani. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni ukungu, usiizungushe, mpe fundi aisafishe. Ikiwa safi, tazama ukingo wa juu: pana vijipande viwili vya plastiki, kila upande kimoja. Vivunje, ili isiwezekane kurekodi juu yake. Vikiwa vimeshavunjwa na tundu limezibwa kwa karatasi, kama tulivyofanya sote tulipotaka kurekodi kaseti za watu, itoe hiyo karatasi. Tepurekoda ijaribuni kwa kaseti isiyo na thamani, kwa nusu saa nzima, kwa sababu mipira ya ndani huyeyuka ikawa kama lami na huweza kuutafuna utepe. Kisha rekodini pande zote mbili kutoka tundu la kisikizio kwenda kwenye kompyuta, kwa aina ya WAV, msitumie MP3. MP3 hutupa sauti ambayo sikio halitaikosa, lakini Z80 itaikosa. Faili hilo laweza kugeuzwa na kufunguliwa kwenye programu ya openMSX, inayoiga mashine hizi, na mstari baada ya mstari mtasoma alivyoandika.

Kuuza? Mkitaka, hakuna ubaya, ila tarajieni bei ya simu ya wastani, si ya kiwanja, na ikiwa inafanya kazi na ina katriji zake itapata zaidi. Msiiuze bila kaseti kunakiliwa. Mkipenda iende kwa umma, waulizeni watu wa makumbusho pale Fort Jesus kabla ya kuibeba, msije mkarudi nayo juani. Mimi ningeiweka, lakini mimi si wa kuulizwa, mke wangu atakwambia.

Nitumie picha ya kibandiko kilicho chini au nyuma ya Sakhr, pale penye namba ya modeli na volti, na picha ya pande zote mbili za hiyo kaseti, pamoja na karatasi ya ndani ya kasha kama ipo. Wengi walikuwa wakiandika hapo namba ya kaunta ambapo programu inaanzia.